Je, wajua kwa nini mji wa Ocean Grove bado una mahema 114?

Kila mwaka, Mei inapoingia, kuna familia Marekani zinazofunga nyumba zao na kuhamia kwenye mahema hatua chache kutoka Bahari ya Atlantiki, huko Ocean Grove, jimbo la New Jersey. Hukaa hapo hadi Septemba. Anayetaka kupangishwa hema anaweza kusubiri zamu yake miaka kumi au zaidi.

Chanzo chake ni makambi. Waadventista wetu wa Kenya na Tanzania wanaokwenda makambi kila mwaka wanafuata desturi iliyoenezwa sana na Wamethodisti wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Watu waliacha mashamba yao, wakakutana msituni na kulala hapohapo siku kadhaa, wakisikiliza mahubiri mchana na usiku.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, baadhi ya wachungaji waliona bidii ya waumini imepoa. Mwaka 1867 wakaitisha makambi ya kuhimiza utakatifu huko Vineland, New Jersey. Mmoja wao, William B. Osborn, akaanza kutafuta mahali pa kudumu kando ya bahari, ambapo mtu angepumzisha mwili huku akitengeneza na Mungu wake. Inasimuliwa kwamba alipapenda Ocean Grove kwa sababu hapakuwa na mbu. Tarehe 31 Julai 1869, watu wachache walikusanyika hapo ndani ya hema wakaomba, na mji ukaanzia hapo.

Mahema yamedumu kwa sababu ardhi haikuuzwa. Chama cha makambi, yaani chama cha dini kinachoendesha mikutano hiyo, ndicho mwenye ardhi hadi leo, na wenye nyumba hupewa tu mkataba wa kukodi kiwanja, hadi miaka 99.

Hema lenyewe mbele ni turubai na kibaraza cha mbao chenye viti na vyungu vya maua. Nyuma limeshikizwa kwenye kibanda cha mbao chenye jiko na bafu. Msimu ukiisha turubai hushushwa, na vyombo hufungiwa kibandani hadi mwaka unaofuata. Mahema yamesogeleana mno. Jirani akikohoa unamsikia. Naamini ukaribu huo ni sehemu ya uamsho wenyewe, maana ni vigumu kununiana na mtu mnayesali naye jioni na kusikia pumzi zake usiku.

Ninachokipenda zaidi ni ramani ya mji. Katika mitaa inayoelekea baharini, nyumba za mbele zilijengwa zikiwa zimerudi nyuma, mbali na barabara, na kadiri unavyoelekea bara ndivyo zinavyoikaribia. Kwa hiyo upepo unapenya hadi ndani ya mji, na aliye nyuma bado anaiona bahari. Mwenye nyumba ya mbele hakuruhusiwa kumzibia jirani yake.

Katikati ya mahema limesimama jengo kubwa la ibada la mwaka 1894, lililojengwa kuchukua maelfu ya watu, lenye milango mipana ya kuingiza upepo huohuo.

Zamani chama hicho ndicho kilichotawala mji, na kilipiga marufuku magari kila Jumapili. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba chama cha dini hakiwezi kushika madaraka ya serikali, na marufuku hiyo ikaisha. Makambi yenyewe yanaendelea kila kiangazi.