Tuskegee haikuanza kama shule ya ufundi

Wengi hudhani Booker T. Washington, mwalimu Mmarekani mweusi, alianzisha chuo cha Tuskegee, jimboni Alabama, Marekani, ili kuwafundisha Wamarekani weusi useremala na uashi, na kwamba alidharau elimu ya darasani. Sivyo. Sheria ya jimbo ya 1881 iliunda chuo cha ualimu, na wazo lilitoka kwa wenyeji, hasa Lewis Adams, fundi aliyewahi kuwa mtumwa. Washington, mwenye miaka 25, aliitwa kuwa mkuu.

Chuo kilifunguliwa Julai 4, 1881, kikiwa na wanafunzi 30. Wengi wao walikuwa tayari wakifundisha, wengine wakikaribia miaka 40.

Ufundi uliingiaje basi? Jimbo lilitoa dola 2,000 kwa mwaka, za mishahara tu: hakuna ardhi, hakuna majengo. Washington alikopa, akanunua shamba chakavu la ekari 100 kwa dola 500, na wanafunzi wakajenga wenyewe. Kuchoma matofali kulihitaji moto mfululizo kwa takriban wiki nzima. Matanuri matatu yaliharibika. La tatu liliporomoka usiku, zikiwa zimebaki saa chache tu. Akaweka saa yake rehani kwa dola 15, na la nne likafaulu. Kuuita ufundi huo dharau kwa elimu ya darasani si haki kabisa.

Aliongoza hadi kifo chake mwaka 1915. Miaka kumi baadaye, shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, ilianza kuandaa walimu wa vijijini kwa mfano wa elimu hiyo ya kusini mwa Marekani.