Kabla hujanitajia tena Mathayo 6:7

Nimeambiwa tena, safari hii msibani Gungu: "Katekista, ninyi mnakariri tu. Mungu hasikii maneno ya kukariri." Rozari ndiyo kwanza imeisha, marehemu bado yuko ndani, na kijana mwenye Biblia ya zipu ananifungulia Mathayo 6:7 kana kwamba mstari huo umechapwa wiki iliyopita. Pale sikumjibu, watu walikuwa wanalia. Namjibu hapa, yeye na wenzake wote wa Kigoma ambao hawachoki kunivuta shati kwa jambo hili hili.

Mstari wenyewe unasema: "Nanyi mkiwa katika kusali, msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Haya. Anayelaumiwa hapo ni nani? Ni yule anayedhani maneno yakizidi Mungu hana ujanja, lazima asikie. Kosa lake liko kwenye hesabu anayoipiga moyoni. Juu ya kukariri hakuna hata nusu neno. Kwa hesabu hiyohiyo, mkesha wa kupiga kelele mpaka alfajiri unaweza kuwa kupayuka kuliko Baba Yetu moja. Waulizeni manabii wa Baali pale Karmeli, waliolia tangu asubuhi hata adhuhuri, kisha Eliya akaomba mistari miwili na moto ukashuka.

Sasa shusha kidole mpaka mstari wa 9. "Basi ninyi salini hivi", na inafuata Baba Yetu, imepangwa tayari. Mtu aliyekataza kupayuka ndiye huyohuyo, kabla hata hajameza mate, anayetoa sala ya kukariri. Kwa Luka sura ya 11 ni wazi zaidi. Mwanafunzi anamwambia, "Bwana, tufundishe sisi kusali, kama vile Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake." Hakumjibu kwamba kila mtu aseme linalomjia. Aliwapa maneno. Na Wakristo wa mwanzo walielewa hivyo: Didake, moja ya maandiko ya kale kabisa ya Kanisa nje ya Biblia, inaagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku.

Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi aliyekua na zaburi mdomoni. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mwanzo wa Zaburi 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" ni Zaburi 31. Maumivu yalipofika mwisho hakutunga, alitoa alichokikariri utotoni. Getsemane, Mathayo 26:44, alienda kuomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Naye alikuwa anapayuka? Zaburi 136 ina mistari 26 na kila mstari unarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele". Anayechoshwa na Salamu Maria kumi aanze kulalamikia huko.

Rozari naipitia haraka. Wasiojua kusoma hawakuweza kufuata zaburi 150 za watawa, wakawa na Salamu Maria 150. Kila kumi lina Tendo lake, yaani tukio la maisha ya Yesu au Maria la kutafakari; Matendo ya Mwanga yameongezwa juzi tu, mwaka 2002, na Papa Yohane Paulo II. Ulimi unahesabu, akili iko kwenye Tendo. Basi. Hilo la kwamba tunamwabudu Maria nitaliandika siku nyingine nikiwa nimelala vizuri; kwa leo soma tu neno "utuombee" lililo ndani ya Salamu Maria, taratibu.

Huwa nacheka kimoyomoyo ninapoalikwa kwenye maombi ya majirani zangu walokole. Nawapenda, na wanapika vizuri. Lakini mama akisimama kuomba naweza kumtangulia: "Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa nafasi hii nyingine tena, maana si kwa nguvu zetu wala si kwa uwezo wetu, wako waliotamani kuiona siku ya leo lakini hawakuiona..." Kisha tunajifunika kwa damu. Kisha tunavunja, tunabomoa, tunateketeza. Liturujia nzima ipo, ina mwanzo, ina maitikio, kilichokosekana ni mchapaji tu! Wala siwalaumu. Wameipokea kwa waliowatangulia kama mimi nilivyopokea ya kwangu. Mtoto tunamfundisha "shikamoo" kabla hajajua heshima ni nini, na hakuna mzee anayemkatalia salamu kwa kuwa hakuitunga mwenyewe. Neno linatangulia, moyo unakuja nyuma yake, siku nyingine kwa kuchelewa sana.

Na si Wakatoliki peke yetu. Waanglikana wa Kasulu wana kitabu chao cha sala. Wamoravian, ambao Tabora ni nyumbani kwao, wana liturujia na neno la kila siku linalochapwa tangu 1731, lilipoanzia Herrnhut kule Ujerumani. Na ni Herrnhut hiyohiyo walikoanza mwaka 1727 kusali kwa zamu usiku na mchana, zamu iliyodumu kama miaka 100. Kitabu hakikuwazimia moto. Majirani zangu Waislamu wa Ujiji hawajawahi hata kuniuliza swali hili. Anayesoma Alhamdu katika kila rakaa ataniuliza nini?

Swali gumu liko mstari wa 8, ule ambao kijana aliuruka: "Baba yenu anajua mnayohitaji kabla ninyi hamjamwomba." Kama anajua, tunaomba ya nini? Mtakatifu Augustino alimjibu mjane Proba kwa barua, karibu mwaka 412: Mungu hahitaji kuarifiwa, anataka hamu yetu ipanuke kwa kusali mpaka tuweze kupokea anachotuandalia. Maneno ni ya kutukumbusha sisi. Ni jibu zuri, nalifundisha kwa wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, kila mwaka.

Ila kuna usiku haliniridhishi. Wanawake wa Kibirizi ambao waume zao wako ziwani kwenye dagaa, upepo ukianza kuvuma, hawasali ili hamu ipanuke. Wanataka mtumbwi urudi. Na ninawaambia waombe hivyohivyo, bila kuzungukazunguka, maana aliyesema "ombeni, nanyi mtapewa" hakuweka masharti ya kuficha hofu. Mtumbwi mmoja unarudi, mwingine haurudi, na yote miwili iliombewa. Hapo sina jibu, na anayekwambia aliyezama alikosa watu wa imani, mkimbie.

Ninachojua ni kwamba asubuhi ile hakuna mwenye maneno. Mjane hana, padri hana, mimi sina. Mtu mmoja anaanza, "Raha ya milele uwape, ee Bwana," na uwanja mzima unaitikia, "Na mwanga wa milele uwaangazie." Angalau kuna kitu cha kushika.

Yuko pia bibi mmoja ambaye kiharusi kimemchukulia maneno. Nikimsindikiza padri kumpelekea Komunyo, bibi anajaribu kumwita mjukuu wake na jina halitoki, mpaka anapiga godoro kwa hasira. Padri akianza "Salamu Maria, umejaa neema", bibi anasubiri zamu yake, halafu nusu ya pili inatoka nzima, mpaka "sasa na saa ya kufa kwetu". Mganga wa zahanati alinieleza kuwa maneno ya mazoea hukaa kwingine kichwani. Sawa. Je, ile ni sala au ni ulimi tu unajiendea? Sijui. Kwa yule kijana wa Gungu jibu lingekuwa rahisi. Kwangu si rahisi upande wowote. Teresa wa Avila, aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970, alikiri kwamba kuna miaka alisikilizia saa igonge ili muda wa sala uishe. Kama huyo alikuwa anasali, sitamvua bibi.

Lawama moja naipokea bila ubishi. Jumuiyani kwetu upande wa pili unadaka "Maria Mtakatifu" kabla upande wa kwanza haujafika kwenye jina la Yesu, makumi matano ya Salamu Maria yanaisha maji ya chai hayajachemka, na Tendo limetajwa kama tangazo la mnada. Hiyo ndiyo payuka-payuka ya kwetu. Anayeongoza Jumamosi hii: taja Tendo, nyamaza kidogo, ndipo uanze. Mkiona muda hautoshi, salini kumi moja. Mimi sitahesabu.