Jina kwenye kigae: Waathens walivyoandika mtu wasiyemtaka

Kallixenos mwana wa Aristonymos hatajwi na mwandishi yeyote wa kale ambaye kazi zake zimetufikia. Tungekuwa na vitabu peke yake, tusingejua hata kwamba alizaliwa. Lakini katika Agora, uwanja mkuu wa Athens ya kale, wachimbaji wameokota vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika, zaidi ya 250 vyenye jina lake, vya miaka ya 480 KK. Kwenye kimoja chenye maandishi yaliyokatika, mtu amemwita msaliti. Alisaliti nini, hakuna aliyetuandikia. Alichukiwa na wengi kiasi cha kujaziwa vigae kwa mamia, kisha vitabu vikampita kimya.

Watu wengi wanaponisikia nikizungumzia maandishi ya Wagiriki hufikiria mawe makubwa ya marumaru yenye sheria na mikataba. Mawe hayo yapo, na ni muhimu. Ila mimi nikiulizwa wapi nitamkuta mwananchi wa kawaida akiandika kwa mkono wake mwenyewe, nitakupeleka kwenye takataka: magae ya mitungi, vitako vya vikombe, vipande vya vigae vya paa. Kigae kwa Kigiriki ni *ostrakon*, wingi wake *ostraka*, na kura iliyopigwa kwa vigae hivyo ikapata jina kutokana navyo: ostrakismo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila mwaka mkutano wa wananchi uliulizwa kama unataka kura hiyo ifanyike. Wakikubali, siku ilipofika kila mwananchi mwanamume alikwenda Agora na kigae alichokwaruza jina la mtu mmoja anayeona afadhali aondoke. Hapakuwa na mashtaka, hapakuwa na utetezi, wala orodha ya wagombea. Ilitakiwa idadi ya 6,000, na waandishi wa kale wenyewe hawakubaliani kama hiyo ni jumla ya kura zote au ni kura dhidi ya mtu mmoja. Aliyeshindwa, au tuseme aliye"shinda", alipewa siku 10 kufunga mizigo, akakaa uhamishoni miaka 10. Mali yake haikuguswa na uraia wake haukufutwa. Wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo ni Hipparchos mwana wa Charmos, mwaka 487 KK.

Sasa tulitazame jina lenyewe, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. Jina kamili la Mwathens lilikuwa na sehemu tatu: jina lake, jina la baba, na *demos* yake, yaani kijiji au mtaa alikoandikishwa uraia. Themistokles, wa Neokles, wa Phrearrhioi. Aristeides, wa Lysimachos, wa Alopeke. Msomaji aliyezoea kusikia fulani bin fulani wa mahali fulani hatapata shida. Demo zilikuwa karibu 140, na ukishaandikishwa katika yako hukuihama: hata mtu akaishi bandarini Piraeus maisha yake yote, mjukuu wake bado aliandikwa chini ya demo ya babu. Mpango huo uliletwa na mwanasiasa Kleisthenes mwishoni mwa karne ya 6 KK, na inaelekea moja ya nia zake ilikuwa kuwafanya watu wajulikane kwa mahali badala ya ukoo. Vigae vinaonyesha kwamba haikuwa rahisi. Wengi waliendelea kuandika jina la baba na kuacha demo, hasa walipomwandika mtu wa familia kubwa.

Jina la baba si pambo. Yupo Kallixenos mwingine, yule aliyesimama mwaka 406 KK kutaka majemadari wahukumiwe wote kwa kura moja baada ya vita vya baharini vya Arginousai. Huyo vitabuni yumo. Vilevile Thukydides aliyeondolewa mjini karibu mwaka 443 KK ni mwana wa Melesias, mpinzani wa kiongozi Perikles. Mwanahistoria maarufu wa jina hilo ni mwana wa Oloros. Ukiokota kigae kilichovunjika baada ya jina la kwanza, usikimbilie kutangaza.

Hazina kubwa kuliko zote ilitoka Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi, ambako wachimbaji wa Kijerumani katika miaka ya 1960 walikuta vigae zaidi ya 8,000 vilivyomwagwa kwenye mkondo wa kijito cha Eridanos. Zaidi ya 4,000 kati yake vinamtaja mtu mmoja tu, Megakles mwana wa Hippokrates. Na hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu wapiga kura hawakuridhika na jina. Mmoja anamsema kwa ufugaji wake wa farasi, jambo la matajiri. Wengine wanamwandika kuwa ni mwana wa Hippokrates na wa Koisyra, wakimtaja mama, kitu ambacho hakikuwa desturi na bila shaka hakikuwa sifa. Kallias mwana wa Kratios anaitwa Mmedi, yaani kibaraka wa Uajemi, na mpiga kura mmoja akamchorea kabisa mpiga mishale aliyevaa Kiajemi. Kimon, jemadari mkubwa, anaambiwa amchukue Elpinike aende zake. Elpinike alikuwa dada yake, na uvumi juu yao ulikuwa mwingi mjini. Tazama jinsi majina ya wanawake yalivyoingia humo: wao hawakupiga kura wala hawakupigiwa, ila yalitumika kuwachoma wanaume. Wapo pia walioacha watu wote wakaandika *Limos*, Njaa. Sijui kigae kinachonipendeza kuliko hicho.

Makosa ya tahajia nayo ni ushahidi. Wakati huo Athens ilitumia alfabeti yake ya zamani, isiyo na herufi za pekee za irabu ndefu. Alfabeti ya Kiionia, ambayo ndiyo iliyozoeleka baadaye, ilipitishwa rasmi mwaka 403 KK. Konsonanti zilizorudiwa mara nyingi ziliandikwa mara moja. Na jina la Themistokles kwenye vigae vingi limeandikwa Themisthokles, kwa sauti moja zaidi ya pumzi. Wakiandika hivyo watu wengi wasiojuana, hilo si kosa tena: ndivyo walivyolitamka mitaani. Vitabu vilivyonakiliwa na kunakiliwa tena kwa karne nyingi vimelinyoosha jina hilo. Kigae hakikupita mkononi mwa mhariri.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba siku ya kura ya mwaka 482 KK mtu mmoja wa shamba asiyejua kuandika alimpa mwanasiasa Aristeides kigae, bila kumtambua, akamwomba amwandikie "Aristeides". Alipoulizwa kakosewa nini, akajibu kwamba amechoka tu kusikia kila mahali akiitwa Mwadilifu. Aristeides akaandika. Kisa kitamu, lakini Plutarch aliishi zaidi ya miaka 500 baadaye, nami nakichukua kama kisa. Jambo la watu kuandikiwa, hata hivyo, lina ushahidi wake. Mwaka 1937, katika kisima kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, kilima cha katikati ya Athens, vilipatikana vigae karibu 190, vingi vikiwa vitako vya vikombe, vyote vya jina la Themistokles. Wataalamu walipolinganisha maumbo ya herufi, mikono iliyoandika ilikuwa 14 tu.

Mara nyingi hilo huelezwa kama njama iliyofumwa na maadui. Inawezekana. Lakini kugawa kura zilizoandikwa tayari kungeweza pia kuwa msaada kwa wasiojua kuandika, au biashara ndogo ya mwenye vikombe vibovu. Ninachoona kina uzito zaidi ni kwamba vilikutwa pamoja kisimani, mbali na mahali pa kura. Inaelekea havikutumika. Themistokles, aliyeiokoa Athens kwa kuwashinda Waajemi katika vita vya baharini vya Salamis mwaka 480 KK, aliondolewa hata hivyo karibu mwaka 471, akamalizia maisha yake chini ya mfalme wa Uajemi, yule yule adui.

Tunajuaje vigae vipi ni vya kura moja? Hapa ufinyanzi unasaidia kuliko maandishi. Vipande viwili vinaungana barabara, ufa kwa ufa, na kumbe vimetoka chombo kimoja. Kimoja kina jina la Themistokles, cha pili la Megakles. Basi majina hayo yalikuwa midomoni siku moja. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, kipande baada ya kipande, chini ya taa iliyolazwa ubavuni ili mikwaruzo itupe kivuli.

Ostrakismo ilikufa kwa aibu. Karibu mwaka 416 KK wanasiasa wawili wapinzani, Nikias na Alkibiades, kila mmoja akiogopa kuondolewa yeye, waliunganisha wafuasi wao, kura zikamwangukia mwanasiasa wa tatu, Hyperbolos. Watu waliona chombo kimechezewa, hakikutumika tena.

Majina hayakuacha kuandikwa. Karne iliyofuata Waathens walioapishwa kuwa waamuzi wa mahakama walipewa kibati chembamba cha shaba chenye jina la mtu, la baba na la demo, kwa ajili ya bahati nasibu ya kuwapanga mahakamani kila asubuhi. Vibati vingi vina alama za jina la zamani lililofutwa chini ya jipya, maana mwenyewe alipomaliza muda wake kilipewa mwingine. Vile vilivyotufikia vikiwa vizima, vingi vimetoka makaburini. Wenyewe walizikwa navyo.