Bingwa ni nani? Ufafanuzi kwa wanaotuletea malalamiko kuhusu orodha ya mabingwa wa basketi

Tangu mashindano ya maswali ya michezo yaanze kati ya shule zetu hapa Lubumbashi, meza yangu imejaa barua. Mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za ligi ya basketi ya hapa, basi kila jibu linalobishaniwa darasani huishia kwangu, mara nyingine likiwa na sahihi za wazazi. Hatumshuku mtu nia mbaya. Lakini barua nyingi zinauliza jambo lililokwisha kujibiwa, na nyingine zinataka tugeuze historia ili mtoto apate alama.

Tuanze na lile lenye kelele kuliko yote: dai kwamba Bismack Biyombo aandikwe bingwa wa NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani. Ni kweli alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1992. Ni kweli alichezea Toronto Raptors. Ni kweli pia kwamba Toronto walitwaa ubingwa wa NBA. Ila yeye alikuwa Toronto msimu wa 2015-2016, na ubingwa ulikuja 2019, wakati anavaa jezi ya Charlotte. Mwaka 2016 Toronto waliishia fainali ya kanda ya Mashariki. Cleveland waliwatoa kwa michezo 4 kwa 2, kisha Cleveland hao hao wakawa mabingwa. Katika mchezo wa tatu wa mfululizo ule Biyombo alidaka ribaundi 26, yaani mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu. Hizo zimeandikwa na hakuna wa kuzifuta. Pete ambayo bingwa huvishwa haimo. Kuna mzazi aliyeniandikia kwamba Biyombo "aliweka msingi". Inawezekana. Orodha ya mabingwa haina safu ya msingi.

Pili, marehemu Dikembe Mutombo. Hapa naona watu wanaudhika kabla sijamaliza sentensi. Mutombo alicheza NBA misimu 18, akachaguliwa mara 4 kuwa mlinzi bora wa NBA, akafika fainali mara mbili: mwaka 2001 akiwa na Philadelphia, wakafungwa na Lakers 4 kwa 1, na mwaka 2003 akiwa na Nets, wakafungwa na San Antonio 4 kwa 2. Ubingwa hakupata. Kulisema hilo si kumvunjia mzee heshima. Hospitali aliyoijenga Kinshasa haihitaji pete.

Sasa waliopata. Kwa wanaume, mwandikeni Didier Ilunga-Mbenga, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekuwa na Lakers mwaka 2009 na 2010. Mwandikeni Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, bingwa wa 2022 na Golden State akiwa na miaka 19. Serge Ibaka, bingwa wa 2019 na Toronto, alizaliwa Brazzaville, ng'ambo ya mto, na timu ya taifa aliyoichezea ni ya Hispania. Mwalimu aliyeuliza "Mkongomani bingwa wa 2019" alipaswa kusema Kongo ipi. Kosa hilo ni la swali, mtoto hana lawama.

Lakini jina ambalo sijaliona katika barua hata moja ni la Mwadi Mabika. Barua zote hizi, wababa kwa wamama, hakuna aliyemtaja! Mabika alizaliwa Kinshasa, akachezea Zaire katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kisha akaingia WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, ilipoanza mwaka 1997. Miaka minne ya kwanza kombe lilikuwa la Houston Comets peke yao. Mwaka 2001 Los Angeles Sparks walivunja utawala huo kwa kuwafunga Charlotte 2 kwa 0, na mwaka uliofuata wakawafunga New York 2 kwa 0. Mabika alikuwa uwanjani na Sparks miaka yote miwili. Yaani alikuwa bingwa miaka minane kabla ya Mbenga. Shule iliyomnyima mtoto alama kwa kuandika "Mabika" iirudishe, na tafadhali wiki hii.

Kuhusu timu zinazohama mji: kwa Marekani ubingwa hufuata timu, haubaki na mji. Lakers walitwaa makombe 5 wakiwa Minneapolis kabla ya kuhamia Los Angeles mwaka 1960. Ongeza 12 ya Los Angeles, jumla 17. Kombe la Seattle la mwaka 1979 limo katika rekodi ya timu ambayo tangu 2008 inaitwa Oklahoma City Thunder, mabingwa wa 2025. Mtego uko kwa Baltimore Bullets, mabingwa wa 1948. Timu ile ilivunjika mwaka 1954 ikafa na kombe lake. Bullets waliotwaa ubingwa mwaka 1978 wakiwa Washington ni timu nyingine iliyochukua jina tu.

Ligi nazo zisichanganywe. Indiana Pacers wana makombe matatu ya ABA, ligi nyingine ya Marekani iliyoishi kuanzia 1967 hadi 1976. La NBA hawana hata moja. Vivyo hivyo kikombe cha katikati ya msimu, ambacho Lakers walikitwaa Desemba 2023, hakiingii katika hesabu ya ubingwa.

Kwa Afrika, ligi ya BAL ilianza 2021 huko Kigali. Mabingwa wake hadi 2025 ni Zamalek, Monastir, Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda na Al Ahli Tripoli, kwa mpangilio huo. Espoir Fukash wa hapa kwetu walishiriki mwaka 2022 na hawakuvuka hatua ya makundi. Kushiriki ni jambo kubwa, lakini kushiriki siko kutwaa.

Tukirudi nyumbani kwenye ligi yetu, malalamiko mengi ya "tuliibiwa ubingwa" yanatokana na kutojua hesabu. Mshindi hupata pointi 2, aliyefungwa hupata 1. Timu ambayo dakika 15 baada ya saa iliyopangwa haina wachezaji watano tayari kucheza hupoteza mchezo kwa 20 kwa 0 na kupata pointi sifuri. Narudia: sifuri, si moja. Msongamano wa barabara si utetezi. Pointi zikilingana, huangaliwa kwanza michezo baina ya timu zenyewe, wala si nani ana mashabiki wengi Kamalondo. Anayepinga matokeo, kapiteni wake amjulishe mwamuzi mkuu ndani ya dakika 15 baada ya mchezo na kutia sahihi kwenye karatasi ya mchezo, mahali palipotengwa kwa malalamiko. Sababu ziandikwe zifike ndani ya saa moja. Kapiteni aliyekwenda kuoga kwanza, malalamiko yake yamekufa. Kuja kwangu miezi miwili baadaye na video ya simu hakuyafufui.

Atakayetaka tuthibitishe jibu aandike mambo matatu: ligi gani, msimu gani, timu gani. Barua isiyotaja msimu itarudishwa kama ilivyokuja. Ofisi haithibitishi dau, na wale vijana wawili waliokuja Jumatatu wameshikana mashati wameelezwa hivyo.

Na yule kinyozi wa Katuba aliyechora nembo ya Lakers na kuandika chini yake "mara 18": ni 17. Walio na 18, hadi leo ninapoandika, ni Boston Celtics. Ameniomba ofisi imchangie rangi ya kufutia. Bajeti hiyo hatuna.