"Lakini Fundi, Hii ni i7!"

Jumamosi kijana mmoja wa Maweni kaniletea kompyuta, kaifunga leso ya mamake na kuipakata kwenye bodaboda. Mkononi ana kadi ya grafiki mpya, RX 6500 XT, bado imo bokisini. Anataka nimfungie acheze gemu. Hata sijashika bisibisi, kidole kipo kwenye stika: "Fundi, hii ni i7." Ni wa nne mwezi huu. Jamani, nimechoka kuwaona vijana wakimaliza akiba yao kwa stika.

i7 ni daraja la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, si umri wake. Umri umo kwenye tarakimu zinazofuata. Yake ilikuwa i7-2600; hiyo 2 ya mwanzo ndiyo kizazi, na ilitoka 2011. Iweke kando ya i3-12100F ya 2022, ambayo watu huidharau kwa sababu ya hiyo 3. Zote zina kori 4, yaani vitengo vya kufanyia kazi, na nyuzi 8, yaani kazi nane kwa pamoja, lakini kila kori ya i3 hiyo hufanya kazi nyingi zaidi kwa mpigo mmoja, na umeme inakula mchache. Tena i7-2600 haina AVX2, seti ya amri za hesabu iliyokuja na kizazi cha nne mwaka 2013, na ziko gemu za leo zisizokubali kufunguka bila hiyo. Hapo uongeze ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, usiongeze, ni mamoja.

Nikaifungua. Pawa saplai ni ya wati 240, haina waya wa pini 6 ambao kadi ile inauhitaji. Hizi mashine za ofisi zilizotumika Ulaya nyingi ziko hivyo, na mara nyingine pawa saplai yenyewe ina umbo lake, huwezi kuchomeka ya kawaida.

Na hata waya ungekuwepo! Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu muuzaji hakumwambia. RX 6500 XT hutumia njia 4 tu za PCIe, yaani barabara ya data kati ya kadi na kompyuta. Kwenye madabodi, ule ubao mkuu, yenye PCIe 4.0, njia hizo hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. i7-2600 ni ya PCIe 2.0: njia zile zile 4 hupitisha gigabaiti 2. Kumbukumbu ya kadi ni gigabaiti 4, hujaa upesi; ikijaa, picha zinachotwa kutoka kwenye ramu kupitia kichochoro hicho, na gemu inakwama-kwama kila ukigeuza kona. Kadi si mbovu, imepelekwa nyumba isiyo yake.

Mwenye pesa kidogo aanze hivi: i3-12100F, madabodi ya H610 inayoipokea prosesa hiyo, ramu ya DDR4 vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, SSD (diski ya kasi), pawa saplai ya kampuni inayojulikana. Kinachobaki chote kiende kwenye kadi, na ukiweza kuvuta subira, RX 6600. Kumbuka hiyo F maana yake prosesa haina grafiki yake. Bila kadi, skrini haionyeshi kitu.

Kuna jambo moja sijalikatia shauri: keshi, lile kasha la kompyuta, iwe wazi au ifungwe? Joto letu la kaskazi lataka hewa, lakini hewa yenyewe ina chumvi. Nimefungua mashine iliyokaa dirishani upande wa Casuarina, ufukweni hapa Malindi, skrubu zimeshika kutu na meno ya ramu yameota ukijani. Nikayasugua kwa raba mpaka yakang'aa, ikawaka. Nimeshawahi kuwashauri wateja yote mawili. Siku hizi nasema ifunge, weka feni mbili, iondoe dirishani.

Yule kijana tumeelewana. i7 yake inamfaa dada yake kwa kazi za chuo, na kwa hilo ni mashine nzuri. Kadi nimeirudisha bokisini, haijafunguliwa hata plastiki, inangoja madabodi ya H610. Ijumaa alinitumia picha ya moja aliyoipata Mombasa, na chini yake kaandika jina zima, tarakimu zote.