Kalenda inakujazia usichoandika

Majuzi nilipigiwa simu na dada wa mapokezi wa kliniki moja ya meno upande wa Kirumba. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekatishwa usingizi. "Kaka, kalenda uliyoniwekea imeniamsha saa nane na dakika hamsini usiku, inasema nina mgonjwa."

Mgonjwa alikuwepo kweli, ila miadi yake ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Dada aliandika 3:00 kama alivyotajiwa kwenye simu, na kalenda ikasoma saa tisa usiku. Ikaweka kengele dakika 10 kabla, ambayo hakuiomba. Ikaandika kwamba mgonjwa atamaliza baada ya saa nzima, wakati daktari anahitaji nusu saa tu. Yeye alijaza jina na saa. Yaliyobaki kalenda ilijijazia, na kosa ni langu kwa kuwa niliikabidhi bila kuigusa mipangilio yake.

Nafanya kazi hii ya kufunga na kutengeneza mifumo ya ofisi hapa Mwanza, na naona watu wengi wakirekebisha miadi mojamoja kila siku, kumbe ingetosha kurekebisha mara moja kile ambacho kalenda inadhani kabla hujasema neno.

Nianze na saa, kwa sababu ndiyo inayotuumiza sisi kuliko wengine. Siku yetu inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Programu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukibaki na mtindo wa saa 12 wenye AM na PM, tarakimu 3 inaweza kuwa saa tisa usiku au saa tisa alasiri, na zote mbili si saa tatu yako. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtindo wa saa 24. Halafu mfundishe anayeandika miadi kanuni moja: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita. Saa tatu asubuhi ni 09:00. Saa nane mchana ni 14:00. Saa kumi na moja jioni ni 17:00. Kwa kliniki hiyo inatosha, maana hawapokei mtu usiku. Nyumba ya wageni au mwenye boti za usiku ataongeza 18 kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, na kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri atatoa sita.

Nimebandika karatasi yenye hesabu hiyo pembeni ya kioo cha kompyuta ya mapokezi. Naiamini karatasi hiyo kuliko mafunzo ya siku nzima.

Urefu wa miadi ni jambo jepesi. Google Calendar huanza na dakika 60, Outlook, ile ya Microsoft, huanza na 30. Kwenye Google nenda kwenye mipangilio ya matukio, ubadilishe muda wa kawaida uwe 30 au 45. Papo hapo kuna chaguo la kufupisha mikutano: ya nusu saa inaisha dakika 5 mapema, mirefu zaidi inaisha dakika 10 mapema. Kwa daktari anayehitaji kusafisha vifaa kati ya mgonjwa na mgonjwa, dakika hizo tano ni mali. Kwenye Outlook ya kompyuta unaweza pia kubadilisha vipimo vya mistari ya siku, dakika 60, 30, 15, 10, 6 au 5, ili unapobofya mstari uone nafasi zinazolingana na kazi yako. Miadi ya zamani haitabadilika urefu. Utairekebisha kwa mkono.

Kengele zinataka kufikiriwa zaidi. Kliniki ile ina wagonjwa wanaovuka kutoka Sengerema kwa kivuko cha Kamanga. Dakika 10 kabla ya miadi, mtu huyo ama ameshafika mjini au hafiki tena. Kwa hiyo tumeweka kengele mbili: moja siku moja kabla, nyingine saa tatu kabla. Hizo ni za mapokezi, ili dada ampigie mgonjwa simu. Hazilii kwenye simu ya mgonjwa. Kwenye Google kengele hupangwa kwa kila kalenda peke yake, basi tukatenga kalenda ya wagonjwa na ya vikao vya wafanyakazi. Vikao vimebaki na dakika 10.

Angalia pia ukanda wa saa, hasa kwenye laptopu ya mtumba. Niliwahi kukuta moja iliyotoka Uingereza ikiwa bado na saa za London. Sisi tuko saa tatu mbele ya London wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Mwenyewe alikuwa amerekebisha saa ya kioo kwa mkono akidhani kamaliza. Kalenda huhifadhi saa pamoja na ukanda wake, kwa hiyo kila mwaliko aliotuma ulifika kwa wenzake ukiwa umepinda. Chagua Afrika Mashariki, GMT+3, kwenye kompyuta yenyewe na ndani ya kalenda.

Jambo la mwisho ni mahali unapobofya. Ukifungua mwezi mzima na kubofya tarehe, Google itadhani ni tukio la siku nzima, na kengele za matukio hayo hupangwa mahali tofauti. Nimemwachia dada mwonekano wa wiki ndio unaofunguka kwanza.

Tulipomaliza nilimwomba aandike miadi ya majaribio: jina tu, abofye kwenye saa tatu asubuhi, ahifadhi. Ikatoka 09:00 hadi 09:25, kengele mbili, kalenda ya wagonjwa. Akaifuta, akapokea simu iliyokuwa inaita.