Uwanja Unaotota: Kwanza Tujue Maji Yametoka Wapi

Maji yanayotuama juu ya nyasi huonekana ya aina moja, iwe ni uwanja wa gofu au uwanja wa mpira wa shule. Chini yake kuna visa vitatu. Kuna mvua iliyoshindwa kuingia ardhini kwa sababu udongo wa juu umeshindiliwa na miguu, mashine na magari. Kuna maji yaliyoingia yakagonga tabaka gumu, yakakwama hapo. Na kuna maji ya ardhini yenyewe yaliyopanda mpaka kwenye mizizi. Dawa ya kisa kimoja haiponyi kingine, ndiyo maana nikiitwa kuchora mitaro huwa naomba tuahirishe kuchimba.

Hapa Tabora ninachokutana nacho zaidi ni kisa cha pili. Miinuko yetu mingi ina udongo wa kichanga unaokunywa mvua vizuri, lakini chini yake, pengine hata mita moja haifiki, unakuta mfinyanzi ulioshikamana au changarawe nyekundu iliyogandamana kama zege. Maji hufika pale, husimama, kisha huteleza polepole kuelekea mbugani, yaani kwenye bonde la chini. Mkulima wa mpunga analishukuru tabaka hilo, kwa kuwa bila hilo majaruba yake yasingeshika maji. Mwenye uwanja analichukia. Wote wawili wanasema habari ya ardhi ile ile.

Kujua ni kisa kipi hakuhitaji vifaa vya gharama. Natoboa mashimo mawili yaliyo jirani kwa kekee ya udongo: moja linaishia juu ya tabaka gumu, la pili linalipita. Kila shimo naliwekea bomba la plastiki lenye matundu sehemu ya chini tu, na lile refu nalizibia pembeni kwa mfinyanzi ili maji ya juu yasishuke humo. Kisha napima kila asubuhi msimu wa mvua. Bomba fupi likiwa na maji na refu likiwa kavu, maji yamekwama juu ya tabaka. Refu likiwa na maji yanayopanda kuliko ya fupi, kuna msukumo unaotoka chini, na hapo mitaro isiyo na kina ni kupoteza fedha. Yote mawili yakiwa makavu huku nyasi zimefunikwa na dimbwi, tatizo liko juu: toboa udongo, uupe uso wa uwanja mwinamo, usihangaike na mabomba.

Ushauri ninaousikia kila mahali ni kumwaga mchanga juu. Nawaomba wenye viwanja wafanye jaribio hili kwanza. Loweka sponji ya kuoshea vyombo, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe kwa upande wake mrefu. Maji yataanza kutoka tena. Sponji ni ile ile, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao hubaki umejaa maji sehemu yake ya chini, hata kama chini yake kuna kokoto tupu, kwa sababu vitundu vidogo huyashikilia maji mpaka uzito wa maji yaliyo juu uyashinde. Kwa hiyo mchanga wa sentimeta tano uliotandazwa juu ya mfinyanzi unaweza kubaki umelowa karibu wote. Wajenzi wa gofu wanalitumia jambo hili kwa makusudi. Maelekezo ya chama cha gofu cha Marekani, USGA, yaliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1960, yanataka pale penye shimo na kibendera pawe na sentimeta 30 hivi za mchanga maalumu juu ya sentimeta 10 za kokoto. Kimo hicho kinaacha mizizi ipumue juu na kuhifadhi unyevu chini.

Tukishajua maji yamekwama, mtaro hauchimbwi katikati ya dimbwi. Unachimbwa upande wa juu wa uwanja, ukikatiza njia ya maji, na lazima uingie kidogo ndani ya tabaka gumu, la sivyo maji yatapita chini yake. Natumia bomba la inchi nne, matundu yakiangalia chini, ndani ya kokoto iliyooshwa. Mwinamo ni sentimeta moja kwa kila mita; nusu ya hapo ndio mwisho wangu wa chini. Usirudishe ule udongo uliochimbwa juu ya kokoto. Nimeona mitaro mizuri ikifunikwa kwa mfinyanzi, na maji yakikaa juu yake mwezi mzima.

Kwenye changarawe nyekundu kuna adui mwingine. Maji huja na chuma kilichoyeyuka, yakikutana na hewa huacha utelezi wa rangi ya machungwa unaoziba matundu. Weka mahali pa kufungulia bomba ili lisafishwe kwa maji ya nguvu.

Kigoma, kando ya ziwa, hesabu hubadilika kabisa. Maji ya ardhini pale yanafuata kimo cha maji ya Ziwa Tanganyika, na ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, maji ya ardhini ya ufukweni yalipanda nalo. Mtaro hauwezi kushusha maji chini ya pale unapoyamwaga. Hapo inabaki kuinua uwanja kwa kifusi, au kusukuma maji kwa pampu na kulipia umeme wake kila msimu.

Swali la mwisho ninalomuuliza mwenye uwanja ni wapi maji yataishia. Shamba la jirani si jibu. Tabora ile ile inayozama Januari inatafuta maji Septemba, kwa hiyo pale ardhi inaporuhusu napendekeza bwawa upande wa chini, lichimbwe kwenye mfinyanzi unaoshika maji na litiwe perege wa kula viluwiluwi vya mbu. Liwe na njia ya kupitishia maji ya ziada iliyopandwa nyasi, kabla ya mvua ya kwanza ya Novemba.